Skrubu za Kompyuta ya Kaka

"Dada, skrubu ni skrubu," fundi aliniambia, na mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale mkono unaniwasha.

Kibanda chake kiko Mwanga, kabla hujaanza kuteremka kwenda Kigoma mjini. Kaunta imejaa simu zilizofumuliwa, na katikati yake kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa skrubu mpaka mdomoni. Za redio, za pasi, za feni, za simu, zote humo humo. Ndivyo mafundi wetu wanavyofanya kazi. Kitu kikifa kabisa kinavuliwa skrubu zake, zinatupwa koponi, na kuanzia hapo hazina mwenyewe. Kikija kibovu kingine fundi anachovya mkono, anachomoa yoyote inayokaribia, anaikaza. Isipoingia anailazimisha. Ikilegea anachomeka kwanza kijiti cha kiberiti kwenye tundu. Na kazi ikiisha na skrubu zimebaki mezani, anakuchekea: "Nimekupunguzia uzito, dada." Watu wanacheka naye na kwenda zao. Hata mimi nimewahi kucheka.

Siku hiyo nilikuwa nimemrudishia skrubu yake mwenyewe, ndefu kuliko kucha ya dole gumba, niliyoichomoa kwenye kompyuta ya marehemu kaka yangu. Nilitaka anieleze ni akili gani iliyomtuma aitie pale alipoitia.

Ngoja nianze na kompyuta yenyewe, maana bila hivyo utaniona mwendawazimu, mwanamke mzima kugombana na mtu hadharani kwa ajili ya skrubu.

Kaka aliinunua zamani, ofisi moja mjini ilipofungwa na kuuza vitu vyake. Ilifika kwetu Ujiji juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka, watoto wa mtaa mzima nyuma. Ni lile kompyuta la mezani, kasha kubwa la bati na kioo chenye kisogo kirefu. Kaka akaliweka sebuleni akawa anawachapia watu barua za kuomba kazi. Kulikuwa na kipaza sauti kidogo cha kuchomeka, na alipogundua kwamba mashine inaweza kushika sauti ya mtu na kuirudisha, alikuwa kama amepewa pepo. Nilimwona kwa macho yangu akijirekodi, akijisikiliza, akicheka peke yake.

Kisha ziwa likamchukua, akirudi kutoka ng'ambo, Kongo, alikokwenda kuwasalimia wajomba zetu. Hilo sitaliandika, kila nyumba ya mwambao huu ina la kwake. Mama aliitupia kompyuta kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki, na miaka ikapita hivyo. Mimi nikaolewa Buzebazeba, nikafungua kibanda changu cha kushona nguo. Mama akazeeka.

Sasa, siku moja nimekwenda kumwona, tumekaa uani tunachambua dagaa, akasema bila hata kuinua uso, "Kaka yako sura yake naiona. Sauti imenitoka."

Nikamuuliza imemtokaje.

"Imenitoka. Nikimwona kwenye ndoto anafungua mdomo tu, hakuna kitu." Akaendelea na dagaa wake. Alilisema kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha, na mimi nikahisi nataka kupiga kitu.

Nikamwambia, Mama, sauti ipo. Iko ndani ya mashine. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe kamba shingoni, maana tangu siku ile kila nikipiga simu, kabla hata sijamaliza kumwamkia, ananiuliza, "Imeongea?"

Haikuongea. Haikuwaka kabisa. Ndipo nikaipakia kwenye bajaji nikaipeleka kwa yule bwana wa kopo. Akaniambia njoo kesho. Kesho yake akaniambia njoo kesho. Nilizijua kesho zake zote. Mwishowe akaniita, akawasha, kweli ikawaka, nikamshukuru kwa moyo mweupe, mjinga mimi. Nilipoifikisha nyumbani kwa Mama na kuiwasha, ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga muhogo, halafu ikanyamaza. Spika hazikutoa hata mkwaruzo. Na nilipoinua kasha nikasikia kitu kinagongagonga ndani, kinabingirika huku na huku.

Nikachukua bisibisi yangu ya cherehani nikafungua kasha mwenyewe.

Mtume! Kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kitu, wanakiita diski, kinatakiwa kishikwe na skrubu nne, mbili kila upande. Upande mmoja kilifungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la baiskeli. Upande wa pili kulikuwa na skrubu moja tu, hiyo ndefu, imesukumwa kwa nguvu mpaka ncha yake imetokeza ndani na kukaa juu ya kibao cha kijani kilicho chini ya diski, kile chenye mishipa yote. Nikaichomoa taratibu. Kibao kilikuwa na mkwaruzo. Ingeongezwa mzunguko mmoja tu kibao kingepasuka, na kaka yangu angekufa mara ya pili, safari hii kwa bisibisi. Kadi ya sauti, kile kipande kinachopokea waya wa spika, hakikuwa na skrubu hata moja. Kilikuwa kimeinuka upande, kimetoka mahali pake, ndiyo maana spika zilikuwa bubu.

Kilichokuwa kinabingirika kilikuwa skrubu moja ya asili. Fupi, nene kidogo, kichwa chake kina pembe sita na meno yake yameachana. Nikaijaribu kwenye tundu la diski. Iliingia kwa vidole tu, bila bisibisi, ikazunguka mpaka mwisho na kutulia. Hapo nikajua skrubu ya haki huwa hailazimishwi. Nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nilihitaji nne nyingine, tatu za diski na moja ya kadi ya sauti.

Basi ndiyo safari iliyonirudisha Mwanga.

"Hii uliitia ya nini?" nikamuuliza fundi, nikiiweka ile ndefu mbele yake.

"Ishike diski."

"Ishike, au iitoboe?"

"Dada, skrubu ni skrubu."

"Na zake ziko wapi?"

Akanisogezea kopo. "Zimo humo. Chagua mwenyewe."

Nikalipindua. Skrubu zikamwagika kaunta nzima, nyingine zikaanguka chini, watu wakaanza kusogea. Nilichagua moja moja nikizilinganisha na ile ya kwenye kanga. Kumbe kompyuta zina skrubu za aina mbili zinazofanana kama watoto wa mama mmoja, nene za meno yaliyoachana na nyembamba za meno yaliyobanana, na ukiweka nyembamba kwenye tundu la nene inacheza tu. Nyembamba zilikuwepo. Nene hakuna hata moja. Fundi akajikuna kichwa akasema, "Nyingine nadhani nilifungia jenereta ya mtu."

Jenereta ya mtu! Nikamwambia mimi ni fundi kama yeye. Ningemshonea shati, kifungo kimoja cha koti, kingine cha suruali, mahali pengine nimpige pini, angelivaa? Akajitazama kifuani. Shati lake lilikuwa halina vifungo viwili. Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao, na hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, Mama yuko hai na ana wajukuu wa kumsomea.

Nikashuka mjini. Duka la kwanza la vifaa vya ujenzi muuzaji alinipa skrubu za mbao. Nikamwonyesha sampuli yangu. Akanipa za bati. Nikamwonyesha tena, akaivuta karibu na jicho, akaipindua, akaniambia, "Mama, hizi hazitengenezwi tena. Piga gundi." Gundi! Diski inayozunguka ndani kwa kasi, nikaipige gundi kama soli ya kandambili. Duka la pili walisema gundi pia. La tatu hawakuinua hata macho kwenye simu. Niliuliza kwa mafundi wa feni, kwa mafundi wa pikipiki, mpaka kwa yule anayetengeneza cherehani zangu, na kila mmoja alikuwa na kopo lake na kila mmoja alitaka kujaribu kulazimisha. Nilikuwa nawanyang'anya sampuli yangu mikononi kabla hawajaitupia humo, maana ikizama kwenye kopo la mtu huipati tena.

Nyumbani nako wakanichosha. Mume wangu akasema si tununue kompyuta mpya tu. Nikamuuliza, mpya itaongea kwa sauti ya nani? Akatoka nje. Kijana mmoja wa duka la kuchapisha akaja kwa Mama akasema kitu cha maana, kwamba diski ingeweza kuchomolewa yenyewe, ikapelekwa Dar es Salaam, huko wana waya za kuisoma. Nilikaribia kukubali. Mama akaweka kiganja juu ya kasha.

"Alikwenda mara moja hakurudi," akasema. "Hatoki tena."

Kijana akanitazama nimsaidie. Ningemsaidia nini? Tukabaki na kazi ya kutafuta zile skrubu nne, na Mama na swali lake la kila siku. Siku moja nilimjibu vibaya. Alipouliza "Imeongea?" nikamwambia ingeongea ningekwambia, Mama, unadhani ningekaa nayo? Akasema, "Aksanti, mwanangu," kwa lile neno la kwao ng'ambo, na akakata. Siku hiyo niliharibu gauni la watu.

Skrubu nilizipata siku nisiyozitafuta. Nilikuwa nimeteremka mwaloni Ujiji, mitumbwi ya samaki inapofikia, kununua kitoweo cha kumpelekea Mama. Pale kuna mama mmoja mtu mzima anayechoma migebuka, wale samaki wa ziwa letu, kando ya njia, wateja hawamwishi. Nimesimama kwenye foleni, moshi unaniingia machoni, nikaangalia jiko lake. Bati la mraba limelazwa ubavu, mkaa ndani, wavu wa chuma juu. Pembeni kulikuwa na duara la matundu madogo linaloingiza hewa, na moto ulikuwa unavuta vizuri. Nililijua lile duara. Kwenye kasha letu ndipo feni inapokaa.

Lilikuwa kasha la kompyuta, rika moja na la kaka. Nikazunguka nyuma nikainama. Vibati vitano vyembamba vilikuwa vimepangwa pale, vikizuia mkaa usimwagike, na kila kimoja kimeshikwa na skrubu. Fupi, nene, kichwa pembe sita, nyeusi kwa masizi.

"Shikamoo mama," nikasema, sauti imenipanda.

"Marahaba, mwanangu. Nikuwekee wangapi?"

"Sitaki samaki. Nataka skrubu."

Akanitazama kama anayepima joto la mgonjwa. "Skrubu?"

"Za jiko lako. Hizo za nyuma."

"Jiko langu lina samaki," akasema, akageuza mgebuka.

Nikamwambia nitamletea jiko lingine, la kisasa, la udongo ndani. Akasema lake kalizoea. Nikamwambia atoe moto kidogo tu, dakika moja. Akasema samaki wa watu hawangoji dakika za mtu. Ningekuwa naongea na fundi wa Mwanga ningekwisha lipindua lile jiko. Lakini huyu ni mama mtu mzima, nimemwamkia, ameitikia. Hasira ikabidi niimeze, na haikumezeka vizuri, nikawa nimesimama pale nahema.

"Mwanangu, utanifukuzia wateja kwa uso huo," akasema. "Kaa hapo kwenye ndoo. Moto ukiisha wenyewe tutaongea."

Nikakaa. Watu walikuja, wakachagua, wakabishana naye, wakaondoka, na kila mgebuka mpya aliyemweka juu ya wavu nilimwona kama tusi langu binafsi. Nilinunua wawili kwa aibu tu ya kukalia ndoo ya mtu bure. Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa Kongo alipouza wa mwisho, akanawa mikono, akakaa mbele yangu.

"Haya. Za nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, sauti ya kaka, ndoto za Mama, fundi, jenereta ya mtu, gundi. Nilikuwa naongea kwa hasira mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia moshi ingawa moshi ulikuwa umekwisha. Alipohakikisha nimemaliza akauliza, "Waya unao?"

"Sina."

"Basi huna skrubu. Nenda kalete waya. Vibati vyangu havitakaa kwa huruma."

Wallahi nilitamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Nikakimbia kwa mafundi wa mitumbwi, nikarudi na kipande cha waya na bisibisi ya kuazima. Bati lilikuwa bado la moto, nikaungua kidole, nikafunga mkono kwa kanga. Skrubu ya kwanza iligoma, imeshikwa na mafuta ya samaki na masizi ya miaka. Nikaiweka bisibisi sawasawa, nikaikazania taratibu mpaka ikakubali. Nikaisimamisha kando ya sampuli yangu. Zilikuwa sawa, jino kwa jino. Nikatoa ya pili, ya tatu, ya nne, na kila nafasi nikaifunga kwa waya. Ya tano nilipoigusa akanishika mkono.

"Hiyo niachie. Umesema nne."

Nikaziosha usiku huo kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Masizi yalitoka. Harufu haikutoka, na mpaka sasa kompyuta ya kaka ikipata joto inanuka mgebuka wa kuchoma.

Siku iliyofuata nikafunga kibanda nikaenda kwa Mama. Nilimwambia akae mbali, akasogeza kiti karibu. Nikautoa mpira wa tairi nikautupa nje. Nikaweka diski mahali pake, nikaanza kila skrubu kwa vidole, zote zikaingia zenyewe, ndipo nikazikaza kwa bisibisi, kidogo kidogo. Nikaikandamiza kadi ya sauti mpaka ikakaa, nikaifunga. Mama alikuwa anauliza kila hatua, na hii? na hiyo? nami namjibu kwa kukaripia, "Mama, subiri!"

Nikawasha. Haikunguruma. Ilivuma tu, sawasawa, kioo kikapata mwanga, ikalalamika kwamba imepoteza tarehe, nikabonyeza ipite. Picha zile za zamani zikajitokeza. Nilikumbuka mahali kaka alipokuwa anaweka vitu vyake. Kulikuwa na barua za watu chungu nzima, na chini kabisa sauti moja. Moja tu. Alikuwa ameiita "jaribio".

"Ipo?" Mama akauliza.

Nikaibonyeza.

Kwanza mkwaruzo. Kiti kikalia. Mtu akakohoa, na kwa kikohozi kile tu nilimjua. "Moja, mbili," kaka akasema. "Moja, mbili." Akacheka kile kicheko chake cha puani. Kisha akageuza uso kutoka kwenye kipaza sauti, akapaza sauti, "Mama! Mama, njoo usikie!"

"Abee!" Mama akaitika, na akasimama.

Lakini ndani ya mashine kulikuwa na aliyeitika kabla yake. Sauti ya mwanamke ikatoka mbali, kutoka jikoni, kavu, yenye haraka zake: "Niache na upuuzi wako! Sina nafasi mimi." Nikaitambua papo hapo. Ilikuwa ya Mama mwenyewe, Mama wa miaka ile, sauti bado nzito na imejaa. "Haya, Mama," kaka akasema, polepole, na ikaisha.

Mama alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti. Nimemwona mama yangu akilia, nimemwona akizika. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Nani huyo mwanamke?" akaniuliza. "Nani huyo anayemjibu mwanangu hivyo?"

Mimi niliyegombana na Kigoma nzima kwa skrubu nne, niliangalia herufi kwenye kibodi.

"Simjui, Mama."

"Hana adabu," akasema. Akakaa, akajifunga kanga vizuri. "Rudia, nimsikie mwanangu."

Nikarudia. Kaka akamwita, Mama akaitika, na mimi nikapunguza sauti ya spika kabla yule mwanamke hajapata nafasi ya kusema.